Bolingi Isiyo na Mpira

Mwanzoni mwa miaka ya 1970 Wajapani walishikwa na homa ya bolingi. Mwaka 1970 mchezaji Ritsuko Nakayama aliangusha pini zote, mtupo baada ya mtupo, mbele ya kamera za televisheni, hadi akafikisha pointi 300, alama ya juu kabisa katika mchezo huo. Kila mtu akataka kujaribu. Kufikia mwaka 1972 Japani ilikuwa na kumbi za bolingi zaidi ya 3,600, na watu walipanga foleni saa nzima kusubiri njia moja iachwe wazi. Kisha homa ikashuka ghafla. Kumbi zikafungwa moja baada ya nyingine, na majengo marefu yenye sakafu za mbao zilizong'arishwa yakabaki bila watu.

Kampuni moja ya mji wa Kyoto iliyatazama majengo hayo ikaona biashara. Ilikuwa Nintendo, iliyoanza mwaka 1889 kwa kutengeneza karata za hanafuda na ambayo sasa ilikuwa ikiuza vitu vya kuchezea. Mkurugenzi wake Hiroshi Yamauchi na mhandisi Gunpei Yokoi walibuni mchezo wa shabaha kwa bunduki za mwanga: mteja anasimama palepale alipokuwa akisimama mtupa mpira, na mwisho wa njia, mahali zilipokuwa pini, picha za visahani vya udongo zinarushwa ukutani kwa projekta. Ukumbi wa kwanza ulifunguliwa mwaka 1973. Inasimuliwa kwamba siku ya uzinduzi mitambo iligoma, na mhandisi kijana aitwaye Genyo Takeda akalazimika kujificha nyuma yake, akiendesha shabaha na alama kwa mkono wake mwenyewe ili wageni wasijue.

Mwishoni mwa mwaka huohuo bei ya mafuta ikapanda dunia nzima. Wajapani wakafunga mikoba, oda za mitambo zikafutwa, na Nintendo ikabaki na deni la mabilioni ya yeni lililochukua miaka kulipwa.

Takeda hakuondoka. Miaka 33 baadaye ndiye aliyekuwa akiongoza kazi ya kuunda mashine ya gemu iliyoitwa Wii, na ndani ya Wii mlikuwa na gemu ya bolingi iliyochezwa na watu wengi kuliko gemu yoyote ya bolingi iliyotangulia. Kampuni iliyorithi kumbi tupu za bolingi ikaja kuupeleka mchezo huo sebuleni mwa mamilioni ya watu ambao wengi wao hawakuwahi kushika mpira wenyewe.

Bolingi na kompyuta zilijuana mapema. Januari 1977 kampuni ya Marekani RCA iliuza mashine iliyoitwa Studio II, ambayo ilikuja na gemu tano ndani yake, na mojawapo ilikuwa bolingi. Pini zilikuwa vidoti vyeupe kwenye kioo cheusi, na hakukuwa na rangi yoyote. Mwishoni mwa mwongo huo Larry Kaplan aliandika gemu ya bolingi kwa ajili ya mashine ya Atari, na mwaka 1988 kumbi za gemu za Marekani zikapata Capcom Bowling, ambamo mchezaji alitupa kwa kuviringisha mpira mdogo uliozamishwa nusu kwenye meza ya mashine.

Kwa nini waandishi wa programu waliupenda mchezo huu tangu siku za vidoti? Sababu ni ya kikazi. Mpira wa miguu unahitaji wachezaji 22 wanaofikiri na kukimbia kwa wakati mmoja. Bolingi ina mtu mmoja, mpira mmoja, njia iliyonyooka na pini kumi ambazo hazimkimbii mtu. Hakuna mpinzani wa kukuzuia. Kila mtu anapambana na pini zilezile, kwa zamu yake. Kompyuta ndogo kabisa inaweza kuubeba mchezo huo bila kuchoka. Wala bolingi yenyewe haikuwahi kuiogopa mashine. Kabla kampuni ya AMF haijaleta mashine za kupanga pini mwaka 1952, vijana walikaa mwisho wa njia, wakikwepa mipira na kuinua pini kwa mikono kwa ujira mdogo. Mashine iliwaondoa, kisha mashine nyingine ikaja kuhesabu alama. Kilichobaki kwa binadamu kilikuwa kutupa.

Na kutupa ndiko kulikokuwa kugumu kuingiza kwenye gemu. Kwa karibu miaka 30 mchezaji wa bolingi ya kompyuta mara nyingi alibonyeza kitufe wakati mshale unapopita mahali fulani. Alama alizipata, lakini mkono wake ulikuwa umelala pajani.

Mwanzoni mwa karne hii Nintendo ilikuwa pabaya tena. Mashine yake ya GameCube iliuzwa takribani mara milioni 21.7, wakati PlayStation 2 ya Sony ilikuwa njiani kuvuka milioni 150. Satoru Iwata, aliyechukua uongozi wa kampuni mwaka 2002, alikataa kushindana kwa nguvu ya mashine na uzuri wa picha. Hoja yake ilikuwa kwamba gemu zilikuwa zimegeuka mali ya watu wachache waliozizoea. Padi za kuchezea zilikuwa na vitufe vingi, na mtu mzima aliyekabidhiwa padi hiyo aliirudisha haraka asije akaaibika. Iwata na mbunifu Shigeru Miyamoto walitaka kifaa ambacho mama wa nyumbani asingeogopa kukishika.

Septemba 2005, katika maonyesho ya Tokyo Game Show, Iwata alikionyesha. Kilikuwa rimoti, nyembamba na nyeupe, ya kushikwa kwa mkono mmoja. Watu walishangaa, wengine wakadhani ni mzaha. Mashine yenyewe ilianza kuuzwa Marekani tarehe 19 Novemba 2006 kwa dola 249.99, na ndani ya boksi, karibu kila nchi isipokuwa Japani na Korea Kusini, mlikuwa na diski ya Wii Sports yenye michezo mitano: tenisi, besiboli, gofu, ndondi na bolingi.

Katika bolingi mchezaji anasimama mbele ya televisheni na kuinua rimoti karibu na kifua, kama mtu anayepima uzito wa mpira kabla ya kutupa. Kwa vitufe vya mishale anamsogeza mwanasesere wake kushoto au kulia, au anageuza mwelekeo wa mtupo. Kisha anabonyeza na kushikilia kitufe kilicho chini ya rimoti, pale kidole cha shahada kinapoangukia chenyewe. Anarudisha mkono nyuma, anauleta mbele, na mkono unapofika mbele anaachia kitufe. Mpira unaondoka. Hakuna cha ziada. Mtu mwenye akili ya kawaida anajifunza kwa mtupo mmoja, kwa sababu mkono wake tayari unajua kazi hiyo: ndio mwendo ule ule wa mtoto anayeviringisha chungwa sakafuni.

Akiachia kitufe mkono ukiwa bado nyuma, mpira unadondoka mgongoni pake na watazamaji kwenye kioo wanaruka kwa mshtuko. Wabunifu hawakulazimika kuweka jambo hilo. Waliliweka, na mgeni anapofanya kosa hilo chumba kizima kinacheka pamoja naye badala ya yeye kuonyeshwa maandishi ya makosa. Ni uungwana wa kikazi, na gemu nyingi kubwa hazina.

Ndani ya rimoti mna kidude kidogo kuliko ukucha, kilichotengenezwa na kampuni ya Analog Devices. Humo kipande cha silikoni kimening'inizwa juu ya springi ambazo jicho haliwezi kuziona. Rimoti ikisukumwa, kipande hicho kinachelewa kidogo, na kule kuchelewa kunabadilisha umeme unaopita pembeni yake. Vipimo hivyo vinachukuliwa kwa pande tatu, juu na chini, kushoto na kulia, mbele na nyuma, na kurushwa kwa Bluetooth hadi kwenye mashine. Mashine haioni mkono. Inapokea mtiririko wa namba tu, na kutokana na namba hizo inakisia: huyu ametupa kwa nguvu kiasi hiki, kiganja chake kimepinda kidogo kuelekea kushoto, basi mpira utazunguka na kukata kuelekea kushoto.

Televisheni nayo iliwekewa kijiti chembamba juu au chini yake, chenye taa za mwanga usioonekana kwenye ncha zake mbili, na kamera iliyo puani mwa rimoti iliziona taa hizo ili kujua mchezaji anaelekeza wapi. Kijiti hicho hakikutuma taarifa yoyote, kiliwaka tu. Wajanja wakagundua upesi kwamba mishumaa miwili iliyowashwa juu ya meza inafanya kazi ileile. Lakini kwa mtupo wa bolingi hata mishumaa haikuhitajika; taa zilisaidia kuchagua kwenye menyu, na mtupo wenyewe ulitegemea kile kipande cha silikoni peke yake.

Kukisia huko kuna matokeo makubwa. Kwa kuwa mashine haijui mchezaji yuko wapi wala amesimamaje, haijali pia kama amesimama. Mtu aliyeketi kwenye kochi anatupa sawasawa na aliyesimama. Mtu wa kiti cha magurudumu anatupa. Mwenye goti bovu, ambaye katika ukumbi wa kweli asingeweza kupiga hatua nne na kuinama akiwa na mpira unaoweza kufikia kilo 7.26, anatupa mpira usio na uzito wowote na kuupeleka umbali wa mita 18 na ushei hadi kwenye pini ya kwanza.

Huenda wasomaji wengi hawajawahi kuingia kwenye ukumbi wa bolingi, kwa hiyo alama zake zinafaa kuelezwa, maana ndizo zinazoufanya mchezo usiwe wa kubahatisha. Mchezo una raundi kumi. Katika kila raundi mchezaji ana mitupo miwili ya kuangusha pini kumi zilizopangwa kwa umbo la pembetatu, ncha ikimwelekea yeye. Akiangusha zote kwa mtupo wa kwanza, hiyo ni straiki. Akizimaliza kwa mtupo wa pili, hiyo ni spea. Akibakisha, anahesabiwa alizoangusha, basi.

Utamu uko kwenye straiki na spea, kwa sababu hulipwa baadaye. Straiki ina thamani ya pointi 10 na kuongezewa pini za mitupo miwili inayofuata. Spea ni 10 na pini za mtupo mmoja unaofuata. Tuseme mchezaji amepata straiki katika raundi ya kwanza, na katika ya pili akaangusha pini 7 kisha 2. Raundi ya kwanza inampa 19, ya pili 9, jumla 28. Pini zile tisa zimehesabiwa mara mbili. Ndiyo maana mtu mwenye straiki tatu mfululizo humwacha mbali mtu mwenye straiki tatu zilizotawanyika, na ndiyo maana mchezo unaweza kugeuka katika raundi ya mwisho kabisa. Anayepata straiki katika raundi ya kumi huongezewa mitupo miwili, kwa hiyo straiki kumi na mbili bila kukosa zinaleta 300 aliyoifikisha Nakayama. Hesabu hizi huwapa taabu hata wazoefu wanaozifanya kwa kalamu. Gemu inazifanya papo hapo, na mgeni anaanza kuzielewa kwa kuona tu namba zinavyoruka.

Jambo jingine ambalo mgeni hugundua ni kwamba kulenga katikati hakufai. Mpira ukiigonga pini ya mbele usoni kabisa, unapenya kama kisu na kuacha pini za pembeni zimesimama kushoto na kulia, kila moja mbali na mwenzake. Mtu wa mkono wa kulia anatakiwa aingize mpira ubavuni, katika mwanya ulio kati ya pini ya mbele na jirani yake wa upande wa kulia, na mpira uwe unakata kuelekea ndani. Hapo pini zinaangushana zenyewe. Kanuni hii ni ya kumbi za kweli, na Wii Sports iliiheshimu. Mzee aliyewahi kucheza bolingi ujanani alikuta ujuzi wake bado una thamani.

Katika michezo mitano ya diski ile, bolingi ndiyo iliyodumu majumbani. Tenisi ilisisimua siku za mwanzo, kisha watu wakagundua kwamba kukung'uta kiganja kidogo kunatosha na hakuna haja ya kurusha mkono. Ndondi ilichosha. Gofu ilitaka subira. Besiboli iligeuka kumsubiri mwenzako. Bolingi haikuwa na kasoro hizo, na rimoti moja ilitosha watu wanne. Anatupa huyu, anampa yule, yule anampa bibi. Familia iliyonunua mashine bila kununua rimoti ya pili haikukosa chochote. Na yule anayesubiri zamu hakai kimya. Anatania, anashauri, anakula karanga. Mpangilio huu wa zamu, ambao waandishi wa programu wa 1977 waliuchagua kwa sababu kompyuta zao zilikuwa dhaifu, ndio ulioifanya gemu ya 2006 ikae katikati ya mazungumzo ya watu bila kuyakatiza.

Wanasesere nao walichangia. Mashine iliruhusu kila mtu kujichonga: uso wa duara au mrefu, miwani, ndevu, upara. Mwanzoni watengenezaji walikuwa wakijaribu michezo hiyo kwa wahusika wa Mario, kisha wakaona watu wanapenda zaidi kujiona wenyewe. Wanasesere hawa, walioitwa Mii, wana vichwa vikubwa na miili isiyo na mambo mengi, kwa mfano wa vinyago vya jadi vya mbao vya Japani viitwavyo kokeshi. Ukitupa mpira katika njia yako, njia za jirani zinachezwa na Mii wengine waliohifadhiwa kwenye mashine hiyo. Shangazi aliyekuja kutembea mwezi uliopita anaonekana pale pembeni, akitupa mpira wake.

Miezi michache tu baada ya mashine kutoka, magazeti ya Marekani yalianza kuandika habari za makao ya wastaafu. Mapema mwaka 2007 habari ilitoka katika kijiji cha wastaafu cha Sedgebrook, jirani na Chicago, ambako wakazi walikuwa wamelichukua jambo hili kwa uzito wote, na mashindano yakapangwa. Makao mengine yakafuata. Ikaundwa hata ligi ya kitaifa ya wazee, timu za makao mbalimbali zikishindana bila kusafiri: kila timu inatupa kwake, alama zinatumwa. Mstaafu mmoja wa jimbo la Wisconsin aliingia katika kitabu cha rekodi cha Guinness kwa kufikisha pointi 300 zaidi ya mara 2,000 katika gemu hii.

Ni rahisi kuzisoma habari hizi kama vituko. Zinastahili kusomwa kwa makini zaidi. Marekani bolingi ilikuwa mchezo wa watu wa kazi. Viwanda, makanisa na vyama vya wafanyakazi vilikuwa na timu, na kwa wengi waliozaliwa kabla ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia jioni ya bolingi ilikuwa sehemu ya wiki. Mwili ukizeeka, jambo la kwanza kuondoka ni mpira ule mzito. Wii iliwarudishia zamu yao, alama zao na kelele zao. Na mjukuu alipokuja kutembelea, kulikuwa na jambo moja la kufanya pamoja naye ambalo babu angeweza kumshinda kihalali.

Wataalamu wa tiba ya viungo nao waliichukua. Mgonjwa wa kiharusi anahitaji kurudia mwendo mmoja wa mkono mara nyingi mno, na kurudia huko kunachosha roho kabla hakujachosha msuli. Mgonjwa anayetafuta spea hurudia bila kuhesabu.

Hata hivyo gemu hii haikuwa dawa. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Liverpool John Moores, Uingereza, waliwapima vijana wa miaka 13 hadi 15 wakicheza, na matokeo yakachapishwa katika jarida la tiba la BMJ Desemba 2007. Kucheza bolingi, tenisi au ndondi za Wii kulichoma nguvu za mwili kwa takribani nusu zaidi ya kucheza gemu ya kawaida kwa kukaa. Lakini bado ilikuwa chini sana ya kucheza michezo yenyewe, na watafiti walisema wazi kwamba haitoshi kuhesabiwa katika mazoezi ambayo mtoto anahitaji kila siku. Mwaka huohuo daktari mmoja aliandikia jarida la New England Journal of Medicine kuhusu maumivu ya bega aliyoyapata baada ya kucheza tenisi ya Wii kwa saa nyingi. Msuli haukujua kwamba raketi haikuwapo.

Televisheni ziliteseka pia. Watu waliokuwa wakitupa kwa hamasa waliachia kitufe na rimoti kwa pamoja, kama mkono unavyozoea kuachia mpira, na ile kamba nyembamba ya kufunga kwenye kiganja ilikatika. Desemba 2006, wiki chache tu baada ya mauzo kuanza, Nintendo ilitangaza kubadilisha kamba milioni 3.2 bure kwa nene zaidi, na mwaka uliofuata ikaongeza gamba la silikoni la kuivalisha rimoti. Kwa kweli hakuna ushahidi bora wa jinsi gemu ile ilivyodanganya mkono.

Waliokuwa wepesi walipata cha ziada katika sehemu ya mazoezi. Humo mna mazoezi matatu, na mojawapo ni lile la mitupo ya nguvu: mtupo wa kwanza una pini kumi, wa pili unaongeza mstari nyuma, na hivyo hivyo hadi mtupo wa kumi unaokutana na pini 91 zilizojaza njia kutoka ukingo hadi ukingo. Pembeni mwa njia hiyo mna kingo zilizoinuka. Mchezaji akiuweka mpira juu kabisa ya ukingo na kuutuma kwa kasi na mzunguko unaofaa, unatembea juu ya ukingo huo hadi mwisho bila kuanguka, na ukifika nyuma kabisa pini zote 91 zinaanguka kwa mpigo. Watengenezaji waliificha siri hiyo makusudi, bila neno lolote la maelezo. Ilisambaa kwa mdomo, kutoka kwa mtoto hadi kwa binamu yake.

Kwa hesabu za Nintendo, Wii Sports ilifikia nakala milioni 82.9, na mashine yenyewe milioni 101.6. Namba ya kwanza isomwe kwa uangalifu, kwa kuwa wengi waliipata ndani ya boksi bila kuichagua. Japani, ambako iliuzwa peke yake, bado ilinunuliwa zaidi ya mara milioni 3. Mwaka 2009 ikafuata Wii Sports Resort, ikiwa na kifaa cha nyongeza kilichopima mzunguko wa kiganja kwa usahihi zaidi, na wachezaji waliozoea kukisiwa wakagundua kwamba sasa kila kasoro ya mkono wao inaonekana kwenye njia. Mwaka 2023 jumba la makumbusho la The Strong, mjini Rochester, New York, liliingiza Wii Sports katika orodha yake ya heshima ya gemu duniani.

Afrika Mashariki mashine ya Wii haikuenea. Gemu huku zilikuja na PlayStation, katika vibanda vya mitaani ambako vijana hulipia mechi ya mpira kwa sarafu, na bolingi ya kweli imebaki mchezo wa kwenye maduka makubwa, kama Village Market jijini Nairobi, ambako bei ya mchezo mmoja humkalisha mbali mtu wa kipato cha kawaida. Bolingi iliyowafikia watu wengi ni ya simu. My Bowling 3D, Bowling King na PBA Bowling Challenge zinapatikana bila kulipia, na zote zinatumia kidole: mchezaji anaburuta mpira kushoto au kulia, kisha anausukuma juu ya kioo. Kasi ya kidole ni kasi ya mpira, na kidole kikipinda, mpira unapinda.

Simu imerudisha nyuma kitu kimoja ambacho Wii ilikipata, yaani mkono mzima, maana sasa inafanya kazi ncha ya kidole tu. Pia inasumbua kwa matangazo na kwa sarafu za kununua mipira ya rangi, jambo ambalo mzazi anapaswa kuliangalia kabla ya kumkabidhi mtoto simu yenye pesa. Lakini kanuni ni zilezile: raundi kumi, mwanya wa kulia wa pini ya mbele, straiki inayolipwa baadaye. Kijana wa Temeke anayezijua kwenye simu anaweza kuingia ukumbi wowote duniani na kusoma ubao wa alama bila kuuliza.

Nintendo nayo imeendelea. Tarehe 29 Aprili 2022 ilitoa Nintendo Switch Sports, ambayo bolingi yake huchezwa na watu 16 kwa wakati mmoja kupitia intaneti, kila mmoja nyumbani kwake, na wenye alama za chini wakitolewa kila baada ya raundi chache hadi abaki mmoja. Hapo hakuna wa kumsubiri amalize kutupa, kwani wote wanatupa pamoja. Walio katika chumba kimoja bado wanaweza kucheza kwa mtindo wa zamani, kwa zamu, na kifaa kimoja bado kinatosha kupita mikononi mwa wote.